Ve, Siyo Be

Kubat alipiga simu Jumamosi saa mbili asubuhi, Meerim akiwa ndiyo kwanza anatoka kukamua, ndoo mkononi. Salamu zilikuwa fupi. Alisema ameondoka mji mkuu, Bishkek, alfajiri, sasa yuko njiani, Kochkor, anakunywa chai, wala hangoji tena hiyo Jumapili waliyopatana, kwa sababu madereva wanasema theluji itaifunga njia ya mlimani leo jioni. Saa sita atakuwa mlangoni, saa saba na nusu awe njiani kurudi. Mama avalishwe, nguo zake zifungwe, dawa zisisahauliwe.

Meerim alijaribu kumkumbusha kwamba Jumapili ndiyo waliyopatana.

"Shemeji, kapatane na theluji," Kubat alisema, na simu ikakatika.

Meerim aliiweka ndoo chini. Zilibaki saa nne. Mezani, juu ya gazeti, kile kisanduku kilikuwa kimekaa vilevile tangu Alhamisi, kifuniko wazi, nyaya nje.

Mambo yalianzia kwenye lori la makaa. Wiki tatu nyuma mama mkwe wake, Sabira-apa (apa kwao ni mama), alikuwa anavuka barabara ya kijiji na kapu la mavi makavu ya ng'ombe, ya kuwashia jiko. Lori likaja nyuma yake likipiga honi mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka, yeye hana habari. Kioo cha pembeni kilimgonga begani kikamwangusha. Hakuvunjika kitu, lakini habari zilifika Bishkek kabla kapu halijaokotwa, na Kubat, mtoto wake wa kwanza, akaamua papo hapo: mama atahamia mjini, ghorofa ya tisa, ambako malori hayapandi. Bolot, mume wa Meerim, alikuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi. Yeye alisema kwenye simu kwamba atakaloamua kaka ni sawa. Ambaye hakuliona sawa ni Sabira-apa mwenyewe. Alishawahi kukaa kule msimu mmoja wa baridi. Alisema alitazama madirisha ya watu mpaka akajua nani anafua lini na nani hafui kabisa.

Sikio lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia lilikuwa na uhai kidogo, tena uhai wa ajabu: sauti ndogo halikuisikia, sauti kubwa ililiumiza, na kati ya kutosikia na kuumia palikuwa na ujia mwembamba tu. Daktari wa mji wa Naryn aliwaambia walilinde hilo kama yai, maana likipigwa na kishindo kingine hakuna la tatu. Kifaa cha sikioni alichonunuliwa mjini kilipiga mluzi kutwa, akakitupa kwenye droo ya vijiko. Basi watu wakawa wanampigia kelele. Miaka sita nyumba ile ilikuwa inaongea kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Kisanduku kilikuwa wazo la Meerim. Baba mkwe wake alikuwa fundi redio wa shamba la serikali enzi za Wasovieti, na miaka miwili ya mwisho, macho yalipomwishia, Meerim ndiye aliyekuwa macho yake. Alimsomea rangi na namba, akamshikia risasi ya kulehemu, mwishowe akalehemu mwenyewe huku mzee akinusa moshi kujua kama moto umezidi. Katika daftari la mzee mlikuwa na mchoro wa amplifaya ndogo ya hedifoni, yenye maiki na betri. Meerim aliunakili kwenye karatasi, akapanda gari mpaka soko la Naryn, akarudi na vipande vyote, akaviunganisha kwa siku nne. Mama mkwe angevaa hedifoni, maiki ingekaa mbele yake, na volumu angeizungusha kwa mkono wake mpaka sauti iingie ndani ya ujia wake ule mwembamba. Kubat akifika akamkuta mama anasikia, atamchukua kwa sababu gani? Ndivyo walivyopanga, wanawake wawili, kwa ishara na vicheko.

Alhamisi wakajaribu. Apa alishika volumu akaizungusha kiasi cha ukucha. Kimya. Akaongeza ukucha mwingine, na chumba kizima kikamwingia kichwani kwa mkupuo: jiko, mlango, na kijiko kilichoanguka kwenye beseni dakika ileile. Alizing'oa hedifoni kwa mikono miwili kama mtu anayejitoa nyuki. Kesho yake kutwa hakusikia hata kelele. Ilipofika Ijumaa jioni sikio likaanza kurudi, na hapo akatoa masharti yake. Atajaribu mara moja tena, moja tu.

"Ikiniuma, nakwenda na Kubat," alisema. "Wao kule angalau wananipigia kelele kutoka chumba cha pili."

Basi Meerim alichuja maziwa, akayafunika, akanawa mikono, akakaa mezani.

Alikagua kila tone la risasi kwa lenzi ya mzee. Yote yaling'aa, hakuna lililopasuka. Aliisafisha volumu kwa spiriti. Akabadilisha nafasi za waya wa kwanza na wa tatu, ikawa ugonjwa uleule umegeuka upande, akazirudisha. Akavaa hedifoni mwenyewe, akazungusha huku amebana pumzi. Robo ya kwanza ya mzunguko, sauti yote ilikuwa imeshatoka; robo tatu zilizobaki zilikuwa pambo. Akachukua testa, kipimo cha umeme. Mwisho hadi mwisho volumu ilisoma omu elfu hamsini. Katikati kabisa, elfu ishirini na tano. Nusu ya safari, nusu ya namba. Ingekuwa mbovu angeshukuru. Uzima wake ndio uliomtia hofu, kwa kuwa kitu kizima hakina pa kushika.

Saa tatu na nusu alimtumia Ishen, muuza vipuri wa Naryn, picha ya karatasi na volumu pamoja, akamwandikia ujumbe kwamba sauti inaruka. Ishen alijibu haraka, kwa maandishi pia, kwamba alichompa ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi yake, volumu ni mpya, aangalie risasi yake. Meerim akaiangalia tena. Alipoinua kichwa, alimwona Sabira-apa ameketi kwenye godoro la ukutani, anakunja nguo zake na kuzipanga ndani ya shuka. Hakuambiwa kuhusu simu. Alikuwa ameusoma uso wa mkwe wake. Juu ya furushi aliweka kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile cha arusi za watu.

Saa nne umeme ukakatika.

Meerim alikaa akitazama taa iliyozimika. Halafu akafanya jambo ambalo hakulipenda: akampigia Ishen simu, waongee kwa mdomo. Hata siku ile sokoni, penye muziki na watu wanaosukumana, alinyoosha karatasi tu na Ishen akaanza kuchomoa vitu kwenye vidroo. Aliuliza swali moja, nani kachora, Meerim akajibu ni wa nyumbani, basi Ishen akaona ni mumewe.

Sasa Ishen alipokea kwa sauti ya mtu mwenye wateja mbele yake. Alimtaka ataje vipande kimoja kimoja, kama vilivyo kwenye karatasi, yeye atamwambia kipi ni kipi. Meerim akasoma. Maiki. Betri ya volti tisa. Rezista zote, moja baada ya nyingine.

"Volumu," alisema, "hamsini, ve."

Upande wa pili kidroo kilifungwa.

"Umesema nini, dada?"

"Ve."

"Wewe uliniletea be."

"Mimi nilikuletea karatasi, kaka."

Aliitazama ile herufi. Ilikuwa ya tatu katika alfabeti yao, herufi ya darasa la kwanza, nayo huandikwa sawasawa na be ya Kizungu, B. Kwenye mgongo wa volumu ya Kichina palikuwa na alama hiyohiyo, matumbo mawili na mgongo mmoja. Yeye alipoiona moyoni alisema ve. Ishen moyoni alisema be. Wote wawili walisoma kimya, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Ishen aliuliza jina la mchoraji. Meerim hakujibu. Mke katika ukoo ule hatamki jina la baba wa mumewe, akiwa hai au akiwa chini ya udongo.

"Aa," Ishen alisema, akielewa. "Haya, usimtaje. Alizaliwa mwaka gani?"

"Arobaini na saba."

Hapo muuza vipuri akaguna kwa uchungu, kisha akacheka. Akamweleza, na wateja wake wakangoja. Siku hizi vitu vinatoka China, na volumu ya be hupanda kwa kipimo kimoja kama ngazi. Ya sauti ni a: huanza kwa kunyata, inakuja kukaza mwendo mwishoni, kwa maana sikio la binadamu ndivyo linavyotaka. Lakini wazee wa redio za Kisovieti walikuwa na hesabu yao. Kwao a ndiyo iliyokuwa ngazi, na ya sauti ilikuwa ve. Ameshangaa tangu siku ile dada anataka be ya nini, lakini yeye habishani na mchoro wa mtu.

"Ungeshangaa kwa mdomo, kaka," Meerim alisema.

"Na wewe ungesoma kwa mdomo."

Ya a anayo dukani, lakini gari la kutoka Naryn litachukua zaidi ya saa, na bado lisubiri abiria. Ishen alifikiri. Akasema kuna ujanja wa kizamani. Achukue rezista, kile kipande cha kubana umeme, ya omu elfu sita na mia nane, aichomee kati ya mguu wa katikati wa volumu na mguu wa chini. Itaivuta sauti kwa nyuma, ile ngazi ipinde. Haitakuwa ve kamili, ila haitaruka kama mbuzi.

Meerim alimimina mezani kopo la vipuri vya mzee. Zilikuwa rezista za zamani, nene na nyekundu, namba zimeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo zilizofutika. Alizigeuza moja moja dirishani. Saa nne na nusu. Arobaini na saba, siyo. Kumi, siyo. Alipata moja iliyosoma sita na nane, akaipima, testa ikasema elfu sita na mia saba. Inatosha.

Lakini kilehemeo kilikuwa cha umeme. Alisimama nacho mkononi, akafungua mlango wa jiko, akaitia ncha yake ya shaba katikati ya makaa akiwa amefunga mpini kwa kitambaa kilicholowa. Ilipogeuka rangi aliitoa, akaifuta majivu, akakimbia nayo hatua nne mpaka mezani. Risasi iliyeyuka nusu, ikaganda. Akarudi jikoni. Mara ya tatu ndipo mguu wa kwanza uliposhika, na mara ya sita wa pili. Kitambaa kilikuwa kinafuka moshi na kidole gumba kilikuwa kimeungua. Hakukilamba. Aligeuza kipande kwenye mwanga kuona kama risasi imekaa vizuri, na ilikuwa imekaa.

Alijaribu kwenye masikio yake kwanza. Robo ya mzunguko, mnong'ono. Nusu, mtu anaongea chumbani. Robo tatu, akasimamisha mkono. Akafanya hivyo mara kumi, akitafuta mahali pa kuruka. Mwanzoni kabisa palikuwa na karuko kadogo, mshtuko mfupi. Hakukuwa na kingine. Lakini masikio yake hayakuwa na ujia mwembamba, na hilo hakuna testa ingelipima.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini alipopiga magoti mbele ya mama mkwe na kumnyooshea hedifoni. Sabira-apa alizitazama. Akatazama kidole kilichoungua. Alivua shali yake nzito ya sufi, akazivaa, akajifunga tena shali juu yake, kisanduku kikiwa pajani ndani ya sweta. Maiki Meerim aliiweka kwenye meza ndogo, karibu na bakuli la boorsok, vile viandazi vya kukaanga. Kisha akamwonyesha kwa kidole: polepole.

Apa alizungusha. Robo, uso wake haukubadilika. Meerim alifuata mkono wake kwa macho. Apa akapita hapo kidogo, akasimama, akafumba macho. Akaongeza tena kama unywele. Nyusi zilipanda, na Meerim akainua mikono tayari kuzivua, lakini mkono wa Apa ulimzuia.

"Kuna kitu kinakwaruza," Apa alisema.

Meerim aligeuka. Alikuwa paka, ananoa kucha kwenye zulia.

"Ni paka, Apa," alisema, na kwa woga alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile asiyowahi kuitumia kwa mama mkwe.

Sabira-apa alifumbua macho. Alimtazama mkwe wake kana kwamba ndiyo kwanza ameletwa. "Kumbe una kasauti kembamba hivyo," alisema. "Miaka minne nimeishi na mtu mwenye sauti ya mnadi kondoo."

Hawakupata muda wa kucheka. Gari liliingia uani. Meerim alitoka mbio bila koti ili amwambie Kubat langoni asipige kelele, asije akaliua sikio kwa salamu. Lakini Kubat alikuwa na simu sikioni. Alimpungia mkono asubiri, akampita, akakung'uta viatu, akaingia. Mama yake alikuwa ameketi kwenye godoro lake, amejifunga shali, furushi pembeni. Kubat akamwinamia akamgusa bega bila kuacha kuongea, akaenda kusimama dirishani, hatua mbili kutoka kwenye meza ndogo. Aliongea chini, kama watu wote walivyoongea mbele ya Sabira-apa walipokuwa hawaongei naye.

"Nimefika. Yuko tayari, nguo zimefungwa," alimwambia mkewe. "Hapana, hajui. Nitamwambia ni wiki moja, daktari wa masikio tu. Njia ikishafungwa, nani atamrudisha? ... Ng'ombe nimeshapata mnunuzi, na Meerim atakwenda kwao mpaka Bolot arudi. ... Acha woga, hasikii. Nimesimama naye hapahapa."

Meerim alikuwa mlangoni. Alimtazama Apa, na uso wa Apa haukuonyesha kitu. Ndani ya sweta, mahali penye kisanduku, mkono ulisogea.

Kubat akatia simu mfukoni, akageuka, akajaza kifua. Meerim aliona kifua kinapanda na hakuwahi kufika.

"APA! TUNAKWENDA KWA DAKTARI! WIKI MOJA TU!"

Vikombe viliita kwenye kabati. Paka alikimbia. Sabira-apa hakutikisika. Alikuwa ameishusha volumu mpaka mwisho kabla mdomo haujafunguka. Alikuwa amemzaa na alizijua pumzi zake. Sasa mkono ulisogea tena ndani ya sweta, taratibu, ukasimama.

"Wiki moja, Kubat?" aliuliza kwa utulivu. "Na mnunuzi wa ng'ombe, naye ni wa wiki moja?"

Kubat alishika mfuko wenye simu. Alimtazama Meerim kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Akaona waya chini ya shali. Akaona maiki karibu na bakuli. Damu ilimpanda shingoni mpaka masikioni.

"APA, MIMI—"

"Shemeji," Meerim alisema. Hakuwahi kumkata kauli tangu aolewe. "Ongea polepole. Anasikia. Ukipiga kelele utamuumiza."

Kubat akakaa kwenye kizingiti cha dirisha, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mikono haijui iende wapi. Alianza mara mbili na mara mbili sauti ilimponyoka ikapanda, akaishika. Hakuwa amezungumza na mama yake kwa sauti ya kawaida kwa miaka sita na alikuwa amesahau inaanzia wapi. Mwishowe akasema, karibu kwa kunong'ona, kwamba halali usingizi. Kila akifumba macho analiona lile lori, na mama amelipa mgongo.

Sabira-apa aliongeza volumu kidogo.

"Hilo ungeniambia," alisema. "Wewe unaniambia vaa, kula, twende. Hilo la lori hukuniambia."

"Ningelisemaje kwa kelele?"

Apa alimsogezea bakuli la boorsok. Alimwambia ale kwanza, nyama iko jikoni. Halafu akamwambia mengine bila kubadili sauti: ng'ombe hawauzwi, Meerim haendi popote, na yeye haondoki. Barabara ataivuka akiwa amevaa hiki kitu, tena akiwa na Meerim, mpaka Kubat mwenyewe aje wakati wa masika, asimame nyuma yake na lori analotaka. Yeye asipogeuka kwa honi, ataingia kwenye gari siku hiyohiyo bila kuambiwa uongo.

Kubat alibisha, lakini alibisha kwa sauti ndogo, na kwa sauti ndogo hoja zake zilikuwa chache kuliko alivyodhani. Aliuliza betri zinakaa siku ngapi. Aliuliza kama kisanduku kinaweza kuharibika. Meerim akamjibu kweli: kinaweza, na kikiharibika atakitengeneza. Kubat alitazama kidole cha Meerim kilichoungua, akala nyama yake.

Saa saba na nusu theluji ilikuwa imeanza kuanguka kwa vipande vikubwa. Aliondoka na mfuko wa boorsok wa watoto na kiti cha nyuma kitupu. Wanawake wawili walisimama langoni, Apa ameshika maiki mbele ya kifua kama mtu anayelinda mshumaa na upepo. Gari lilipofika barabarani Kubat aliteremsha kioo, akatoa kichwa, akajaza kifua kwa mazoea, kisha akajikumbuka. Alisema neno moja au mawili, polepole, kama alivyofundishwa, akaondoka.

Sabira-apa alikuwa ameinua volumu karibu mwisho. Kulikuwa na upepo tu, na matairi juu ya theluji.

"Amesema nini?"

"Sikusikia, Apa," Meerim alisema. "Amesema polepole mno."